Daktari Anatoka Wapi? Ushahidi Ulioombwa Mwaka 1978

Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi iliyoanzia kwenye chuo cha udaktari cha University of California, Davis, si mbali na hospitali ninakofanya kazi ya ukalimani. Chuo hicho kilikuwa kimetenga nafasi 16 kati ya 100 za kila mwaka kwa waombaji wa jamii za wachache. Allan Bakke, mhandisi mzungu aliyekataliwa mwaka 1973 na tena mwaka 1974, alikishtaki chuo hicho na akashinda. Mahakama ilikataza kutenga nafasi kwa hesabu ya rangi, ingawa iliruhusu asili ya mwombaji iangaliwe kama jambo moja miongoni mwa mengi. Kesi hiyo hutajwa mara nyingi, na karibu kila anayeitaja huishia hapo.

Sehemu ya hukumu ile inayonihusu zaidi ni nyingine. Katika kuutetea mpango wake, chuo kilieleza kwamba madaktari waliotoka katika jamii zenye upungufu wa huduma wangerudi kuzihudumia jamii hizo. Jaji Lewis Powell hakulipuuza lengo hilo. Alikubali kwamba huenda serikali ikawa na sababu nzito ya kujali afya ya raia wake kiasi cha kuangalia rangi, ila akasema kwamba ndani ya jalada la kesi hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa mpango ule ulihitajika ili lengo hilo lifikiwe. Kwa maneno mengine, hoja ya mgonjwa ilifika mahakamani ikiwa mikono mitupu. Ushahidi huo ulipatikana baadaye, hapahapa California, na naandika haya kwa sababu naona bado haujasikilizwa inavyostahili, hasa na sisi tunaozungumza Kiswahili katika nchi hii, ambao ni miongoni mwa wagonjwa wanaozungumziwa.

Ulikuja mwezi Mei 1996, katika jarida la New England Journal of Medicine. Miriam Komaromy na wenzake walikuwa wamewahoji madaktari 718 wa huduma za msingi katika jamii 51 za California, wakichunguza ni nani hasa anamtibu nani. Waligundua kwamba maeneo yenye wakazi wengi Weusi na Walatino yalikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kupungukiwa madaktari kuliko maeneo mengine, na hali hiyo haikubadilika hata walipozingatia kipato cha wakazi. Hapa msomaji atulie kidogo, kwa sababu wengi wetu huamini kwamba daktari hufuata pesa na kwamba umaskini peke yake unatosha kueleza kila kitu. Takwimu zile zilisema hautoshi. Mtaa wa Wamarekani Weusi wenye kipato cha wastani nao uliweza kukosa madaktari.

Wakagundua pia ni nani waliokuwa wakiliziba pengo hilo. Madaktari Weusi walihudumia wagonjwa Weusi karibu mara sita ya idadi waliyoihudumia madaktari wengine, na madaktari Walatino walihudumia wagonjwa Walatino karibu mara tatu. Zaidi ya hapo, madaktari Weusi walibeba wagonjwa wengi zaidi wenye bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na madaktari Walatino walibeba wengi zaidi wasio na bima yoyote. Yeyote aliyewahi kupiga simu kliniki baada ya kliniki, akaambiwa kwa upole kwamba bima yake haipokelewi, anajua uzito wa jambo hilo. Bima hiyo kwa California ni Medi-Cal. Inahudumia zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa jimbo, lakini malipo yake kwa daktari ni ya chini, hivyo kuipokea au kuikataa hubaki kwa kiasi kikubwa kuwa uamuzi wa daktari mwenyewe.

Huo ndio ushahidi ambao Jaji Powell aliukosa. Miezi sita baada ya kuchapishwa kwake, Novemba 1996, wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 209, lililopiga marufuku vyuo vya umma vya jimbo kuangalia rangi au asili ya mwombaji. Sidai kwamba wapiga kura walikuwa na nia mbaya. Ninachosikitikia ni kwamba mjadala wa mwaka ule uliendeshwa kana kwamba nafasi katika chuo cha udaktari ni zawadi anayopewa kijana mmoja na kunyimwa mwingine, na maslahi yote yanaishia kwa hao wawili. Mgonjwa ambaye miaka kumi baadaye angekaa mbele ya mmoja wao hakuwamo katika hesabu.

Upungufu wenyewe ulitengenezwa na watu, tena kwa maandishi. Mwaka 1910 Abraham Flexner, kwa niaba ya wakfu wa Carnegie, alichapisha ripoti kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, akitaka vile dhaifu vifungwe. Katika mengi alikuwa sahihi, kwa kuwa baadhi ya vyuo vya wakati ule vilikuwa biashara za kuuza vyeti. Lakini kati ya vyuo saba vya watu Weusi alipendekeza vibaki viwili tu, Howard cha Washington na Meharry cha Nashville, na hivyo vingine vitano vyote vilikuwa vimefungwa kufikia mwaka 1923. Akaandika pia kwamba daktari Mweusi atawahudumia watu wa rangi yake tu, na sababu mojawapo ya kumfundisha ni kuwakinga wazungu wasiambukizwe maradhi na majirani zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba vyuo vile vitano, kama vingeachwa viendelee, vingekuwa vimetoa zaidi ya madaktari 35,000. Leo Wamarekani Weusi ni takribani asilimia 13 ya wananchi wote, lakini hawafiki asilimia 6 ya madaktari. Chama cha madaktari cha Marekani, ambacho kwa miongo mingi kiliacha matawi yake yawafungie mlango madaktari Weusi, kiliomba radhi rasmi mwaka 2008.

Utafiti wa mwaka 1996 ulieleza daktari anakokwenda. Haukueleza kinachotokea mlango wa chumba cha daktari ukishafungwa, na hilo lilichunguzwa katika mji wa Oakland, California, miaka ishirini na kitu baadaye, katika kazi ya Marcella Alsan, Owen Garrick na Grant Graziani iliyochapishwa mwaka 2019. Watafiti hao walikwenda kwenye vinyozi na magulio ya mitumba, wakawaalika wanaume Weusi waje kliniki kupimwa bure siku za Jumamosi. Zaidi ya 600 waliitika. Kila mmoja alipewa kompyuta kibao yenye picha ya daktari atakayemwona, daktari aliyepangiwa kwa bahati nasibu, awe Mweusi au asiwe, akaulizwa ni vipimo gani angependa kufanyiwa: uzito, presha, sukari, kolesteroli, na chanjo ya mafua.

Kwa kutazama picha tu hapakuwa na tofauti yoyote. Wanaume waliopangiwa daktari Mweusi walichagua sawasawa na wenzao. Tofauti ilikuja baada ya kuingia chumbani na kuzungumza. Waliokutana na daktari Mweusi walibadilisha mawazo na kukubali vipimo vingi zaidi, hasa vile vya kuchomwa sindano au kutolewa damu, na mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi kwa wale waliokuwa na imani ndogo na mfumo wa tiba. Walizungumza zaidi na daktari huyo kuhusu matatizo yao, na yeye naye akaandika maelezo zaidi. Watafiti walikadiria kwamba tofauti ya namna hiyo, kama ingeenea nchini, ingeweza kupunguza kwa asilimia 19 pengo la vifo vya maradhi ya moyo kati ya wanaume Weusi na wazungu.

Napenda utafiti huu kwa sababu unaondoa maelezo mepesi. Kama jambo lingekuwa ubaguzi wa mgonjwa, yaani kupenda tu sura inayofanana na yake, picha ingetosha kulionyesha. Ilikuwa ni mazungumzo. Na kutoamini kwao kulikuwa na chanzo: kati ya mwaka 1932 na 1972 idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende katika eneo la Tuskegee, Alabama, bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Babu wa mtu anayekinga mkono wake asitolewe damu leo huenda aliisikia habari ile redioni ilipofichuka.

Mimi mwenyewe nimeyaona mazungumzo ya namna hiyo kwa karibu, ingawa daktari na mgonjwa hawakufanana hata kidogo. Mama mmoja wa Kikongo, aliyeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku, alikuwa akitibiwa presha na sukari. Nabadilisha mambo machache ili asitambulike. Kila hudhurio daktari alimwuliza kama anatumia dawa zake kila siku, naye alijibu, "Ndiyo, nakunywa." Presha haikushuka, dozi ikaongezwa, presha ikaendelea kugoma. Daktari yule alikuwa mtu mwema na mwenye bidii. Aliuliza swali alilofundishwa kuuliza, akapata jibu ambalo mtu mzima mwenye adabu humpa mwenye koti jeupe.

Kisha akaja daktari mwingine, binti wa wavuna zabibu kutoka Mexico, aliyekulia karibu na Fresno. Alimwomba mama alete dawa zote zilizomo nyumbani ndani ya mfuko. Mama alikuja na mfuko wa plastiki wa dukani, na daktari akazipanga chupa mezani moja baada ya nyingine, kimya, akizisoma tarehe. Mbili zilikuwa zimejaa kama zilivyotoka famasi. Moja ilikuwa imeisha kabla ya wakati wake. Hakuuliza kwa nini. Alisema, nami nikatafsiri kwa nafsi ya kwanza kama kanuni ya kazi yetu inavyotaka, "Mama yangu alikuwa akigawana dawa na dada yake, maana dada hakuwa na bima."

Mama akanitazama mimi badala ya daktari. "Mwanangu, mwambie," akasema. Ile iliyoisha alimgawia wifi yake, ambaye karatasi zake za bima zilikuwa bado kutoka. Zile zilizojaa zilikuwa dawa za kupunguza maji mwilini, na alikuwa ameacha kuzinywa kwa sababu alizinywa jioni, zikamwamsha usiku kucha, na ili kufika chooni alilazimika kuwaruka wajukuu wanne waliolala sakafuni. Daktari akahamishia dawa hiyo asubuhi, akaandika jina la ofisa wa kliniki anayeshughulikia bima ili wifi asaidiwe, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi dozi haikuongezwa.

Daktari yule hajui neno hata moja la Kiswahili. Hakuna chuo kilichomfundisha kupanga chupa mezani kwa namna ile, au kama kipo, kilimkuta tayari analijua, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ile tangu utotoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba lengo ni kila mgonjwa atibiwe na mtu wa kabila lake. Lengo hilo haliwezekani, na kwetu sisi tulio wachache lingekuwa hukumu ya kutotibiwa kabisa. Kinachohitajika ni kwamba katika kila kliniki, kila mkutano wa madaktari, kila kamati inayoamua maswali ya kumwuliza mgonjwa, wawepo watu waliowahi kuishi maisha wanayoyatibu. Wenzao hujifunza kutoka kwao. Nimemwona yule daktari wa kwanza, siku hizi naye anaagiza mfuko wa dawa.

Na hili halihusu mazungumzo tu. Mwaka 2020 watafiti wa University of Michigan walionyesha kwamba kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu zaidi ya ilivyokuwa kwa wazungu, kwa kuwa mwanga wake huathiriwa na rangi ya ngozi. Kifaa hicho kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa, na wakati wa Korona ndicho kilichoamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani.

Kwa kuwa nadai ushahidi usikilizwe, ni lazima niseme pia pale unapoyumba. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watoto waliozaliwa Florida, ukidai kwamba vifo vya watoto Weusi wachanga hupungua sana wanapohudumiwa na daktari Mweusi. Habari hiyo ilisambaa kila mahali, hata ikatajwa katika maoni ya Jaji Ketanji Brown Jackson wa Mahakama ya Juu mwaka 2023. Mwaka 2024 wachambuzi wengine walizipitia upya takwimu zilezile na kuonyesha kwamba tofauti karibu yote hutoweka ukizingatia watoto waliozaliwa na uzito mdogo mno, chini ya gramu 1,500, ambao mara nyingi waliangukia mikononi mwa madaktari wazungu. Nimewasikia watu wa upande wangu wakiendelea kuutaja utafiti wa kwanza kana kwamba wa pili haupo. Tusifanye hivyo. Utafiti wa mwaka 1996 na ule wa Oakland vinasimama kwa miguu yao, na mwenye hoja nzuri hana haja ya kubeba iliyopasuka.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 2023, katika kesi dhidi ya Harvard na University of North Carolina, ilipeleka nchini kote kile ambacho California ilikuwa nacho tangu 1996: vyuo vikuu, vya udaktari vikiwamo, havitakiwi tena kuangalia rangi ya mwombaji. Katika wanafunzi walioanza udaktari mwaka 2024, idadi ya Wamarekani Weusi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 11 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, na Walatino kwa zaidi ya asilimia 10. Darasa hilo litaanza kutibu bila usimamizi karibu na mwaka 2031 na kuendelea. Pengo la namna hii huchelewa kuonekana, na likishaonekana huchukua miaka kumi na zaidi kuzibwa.

Jambo linalonipa nguvu ni kwamba jibu moja zuri limetoka palepale Davis. Chuo kile kilichoshindwa mahakamani mwaka 1978, na kufungwa mikono na kura ya mwaka 1996, hakikukaa kulalamika. Chini ya Mark Henderson, aliyeongoza udahili wake, kilitengeneza kipimo cha ugumu wa maisha ambacho hakigusi rangi hata kidogo. Kila mwombaji hupewa alama kati ya 0 na 99 kulingana na kipato cha familia, elimu ya wazazi, kama alikulia katika eneo lenye upungufu wa huduma za afya, kama alilazimika kufanya kazi ili kusaidia nyumbani, na mengine ya aina hiyo. Alama hiyo husomwa pamoja na matokeo yake ya mitihani na barua zake. Leo Davis ni miongoni mwa vyuo vya udaktari vyenye mchanganyiko mkubwa wa wanafunzi nchini. Umuhimu wa kupima kipato unaonekana haraka ukijua kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa udaktari Marekani hutoka katika sehemu moja ya tano ya familia zenye kipato cha juu kabisa, na kwamba deni la kawaida la anayehitimu ni takribani dola 200,000. Wazo lenyewe si geni hata kwa nchi tulizotoka: tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limekuwa likizishauri serikali zidahili wanafunzi wa udaktari waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko.

Kuna njia nyingine ambayo jamii yetu inaifahamu vizuri, nayo ni ya madaktari waliosomea nje, ambao ni karibu mmoja kati ya kila wanne Marekani. Tangu mwaka 1994 sheria inaliruhusu kila jimbo kuwaombea idadi ndogo ya madaktari wa kigeni, sasa 30 kwa mwaka, wabaki nchini baada ya mafunzo iwapo watafanya kazi miaka mitatu katika eneo lenye upungufu. Nawaheshimu sana madaktari hao, ingawa siwezi kusahau kwamba kila mmoja wao anayetoka Mombasa au Mwanza ameacha foleni nyuma yake. Wanaoniuma zaidi ni wale ambao tayari wako hapa kama wakimbizi, wenye shahada za udaktari za Kongo au Burundi, na ambao wanawaogesha wazee katika nyumba za kutunzia watu kwa sababu mitihani na miaka ya mafunzo ya kurudia imewashinda kwa gharama na umri. University of California, Los Angeles ina mpango wa kuwaandaa wahamiaji Walatino waliokuwa madaktari kwao ili waingie mafunzo ya tiba ya familia, nao huahidi kuhudumu maeneo yenye upungufu. Mpango kama huo kwa madaktari wetu ungelipa gharama zake haraka.

Wazazi wenye vijana wanaotamani udaktari huniuliza nini kinahitajika, kwa kuwa wananiona hospitalini kila siku. Ninawajibu ninachokijua: mtihani wa kuingilia, masomo ya sayansi ambayo yanaweza kuanzia chuo cha jamii kwa gharama nafuu, saa za kujitolea, na insha. Kwenye insha ndipo tunapojinyima. Binti mmoja wa jamii yetu alinionyesha rasimu yake, nzuri, imejaa maabara na vitabu, bila neno lolote kuhusu kuwakalimania wazazi wake kliniki tangu alipokuwa shule ya msingi, wala kuhusu zamu za usiku alizofanya ghalani ili kodi ya nyumba ilipwe. Mama yake ndiye aliyemkataza, akihofia kwamba wasomaji wataidharau familia. Niliwaeleza wote wawili kwamba chuo kilicho jirani nao kina watu wanaolipwa kuyasoma mambo hayohayo na kuyapa alama. Fomu za mwaka ujao hufunguliwa mwezi Mei, na sasa anaiandika upya.